Panda juu ukague kifuniko cha tangi lako

JE, msomaji mpendwa, ni lini mara ya mwisho ulipopanda juu ya nyumba ukakitazama kifuniko cha tangi linalokuletea maji ya chai? Usikimbilie kujibu. Ukiwa kama wengi wetu tunaoishi mijini, jibu ni kwamba hujawahi. Tangi unalijua kwa kulitazama kutoka chini, jeusi, limekaa kwenye mnara wake wa vyuma, na madhali ukifungua mfereji maji yanatoka, huna habari nalo.

Nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka yaliponifika.

Miaka michache iliyopita tulikuwa tukiishi katika ploti moja ya orofa nne, mashariki mwa jiji la Nairobi. Asubuhi moja maji ya mfereji yalikuja na harufu. Haikuwa harufu ya kumfanya mtu azibe pua, bali ile ya kumfanya anuse kikombe mara mbili kisha amuulize mwenziwe kama naye ameisikia. Mume wangu alisema ni dawa inayotiwa na kampuni ya maji. Jirani wa mlango wa pili alisema kuna bomba lililopasuka mahali. Siku ya tatu harufu ilizidi, nami nikamwendea msimamizi wa ploti, mzee mmoja mpole ambaye hakuwahi kumkaripia mtoto wa mtu.

"Mzee, naomba tukaangalie tangi," nilimwambia.

"Tangi ni zima, mama," akanijibu. "Halivuji hata tone."

Sikumlaumu. Hiyo ndiyo imani ya wengi: tangi bovu ni lile linalomwaga maji nje. Linaloruhusu vitu kuingia ndani hakuna anayelihesabu kuwa bovu. Nilimshikilia mpaka akatoa ngazi.

Juu tulikuta matangi matatu. Mawili yalikuwa na vifuniko vyake. La tatu lilifunikwa kwa kipande cha bati na jiwe juu yake, na upepo wa mvua za Aprili ulikuwa umelisukuma bati lile kando kiasi cha kupitisha mkono. Mzee alilisogeza, akachungulia, akanyamaza. Ndani mlikuwa na njiwa, au tuseme kilichobakia cha njiwa, na manyoya yametapakaa juu ya maji. Upande ulioingia mwanga, ukuta wa tangi ulikuwa umevaa utando wa kijani. Na maji yenyewe yalikuwa yakichezacheza kwa viluwiluwi vya mbu.

Kifuniko halisi, nilikuja kuambiwa, kilipeperushwa na upepo mwaka mmoja kabla, kikapasuka kilipogonga ua. Mwenye ploti alipoarifiwa alisema angenunua kingine. Bati likawekwa kwa muda, na muda huo ukawa mwaka mzima, familia kumi na sita zikiyanywa maji yale.

Kitinda mimba wetu alikuwa ameharisha mara mbili mwezi huo. Siwezi kula yamini kwamba ni tangi lililomwangusha, kwa kuwa mtoto wa miaka miwili hutia mdomoni kila anachokiokota. Lakini tangu siku hiyo sikubali kulipia nyumba kabla ya kupandishwa juu kwanza nikaone.

Hapo zamani maji ya jiji yalikuja moja kwa moja kutoka bombani, na tangi lilikuwa la wenye nafasi. Siku hizi hali ni nyingine. Kiangazi cha mwaka wa 2017 kilipoleta mgao wa maji Nairobi, mitaa ikigawiwa siku zake kwa ratiba, kila mwenye nyumba aliyejiweza alikimbilia duka la matangi. Maji yakija Jumanne yanawekwa hadi Ijumaa. Kwa hiyo maji tunayokunywa leo si yale yaliyosafishwa na kampuni jana. Ni yale yaliyolala siku tatu ndani ya plastiki juu ya paa. Dawa ya klorini iliyotiwa huko yanakotoka hupungua nguvu kadiri maji yanavyokaa. Baada ya hapo hakuna kinachoyalinda ila kile kifuniko.

Mlango wa mbu

Wengi wakifikiria tangi lililo wazi huogopa vumbi na majani. Hayo yanaonekana. Mimi ningekuomba umwogope mbu kwanza.

Kuna mbu mwenye miguu ya madoadoa meupe na meusi, anayeitwa Aedes aegypti na wataalamu. Huyu hapendi mitaro michafu. Anapenda maji safi yaliyotulia mahali penye kivuli, karibu na watu, na hakuna mahali panapotimiza masharti hayo kuliko tangi, pipa au mtungi usiofunikwa vyema. Tena huuma mchana, wakati chandarua chako kimekunjwa.

Ujanja wake mkubwa uko katika mayai. Hatagi ndani ya maji bali kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya pale maji yalipofikia. Maji yakipungua, mayai hubaki yameganda pale, makavu, na yanaweza kuvumilia hivyo kwa miezi mingi. Siku maji yanapopanda tena yakayagusa, huanguliwa. Katika joto la kutosha, safari ya kutoka yai hadi mbu arukaye huchukua kama wiki moja hadi siku kumi tu. Ndiyo maana kumwaga maji na kujaza mengine hakumwondoi mbu huyu. Lazima ukuta usuguliwe, na upande wa chini wa kifuniko pia.

Wakazi wa Lamu waliyaonja haya mwaka wa 2004. Wakati huo kulikuwa na ukavu na joto lisilo la kawaida, na watu wakawa wanaweka maji majumbani kwa muda mrefu bila kuyabadilisha. Katikati ya mwaka ugonjwa ukazuka: homa, na maumivu ya viungo ya kumfanya kijana atembee kama kikongwe. Ulikuwa chikungunya, jina lililotokana na lugha ya Kimakonde likimaanisha kujipinda kwa maumivu, kwa kuwa ulitambuliwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika mnamo 1952. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye kisiwani Lamu ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya watu walikuwa wameambukizwa. Kabla ya mwaka kwisha ulifika Mombasa, na mwaka uliofuata ukavuka bahari hadi Komoro na visiwa vingine vya Bahari Hindi. Mbu huyo huyo ndiye anayebeba homa ya dengi, ambayo imeikumba Mombasa zaidi ya mara moja, ikiwemo mwaka wa 2013.

Najua msomaji wa Nairobi anasema moyoni kwamba hayo ni ya Pwani, huku kwetu baridi hutukinga. Huenda ikawa. Lakini mwaka wa 2022 watafiti walimpata katika Kaunti ya Marsabit mbu mgeni aitwaye Anopheles stephensi, na taasisi ya KEMRI ikatangaza habari hizo mapema 2023. Asili yake ni Asia Kusini na Ghuba. Barani Afrika aligunduliwa kwanza Djibouti mwaka wa 2012. Huyu anabeba malaria. Mbu wa malaria tuliyemzoea hupendelea vidimbwi vya mashambani, na hilo limekuwa nafuu kwa miji. Mgeni huyu amezoea miji, na hutagia katika matangi ya maji. Akikuta vifuniko vya bati na jiwe, atafurahi kweli.

Wazee wa Lamu walikuwa na dawa yao. Katika nyumba za mawe za kale mlikuwa na birika la maji chooni na bafuni, na ndani ya birika waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi. Fundi alijengea bakuli la kauri sakafuni mwa birika ili maji yakipungua samaki wasife. Unaona jinsi watu wale walivyofikiri! Sikushauri ununue samaki uwatie katika tangi la orofa ya nne. Nasema tu kwamba waliotutangulia hawakuyaacha maji yajitunze yenyewe.

Turudi kwa njiwa wangu, maana kuna watakaosema ndege mmoja hawezi kuudhuru mtaa. Mwaka wa 1993 kulikuwa na mji mdogo nchini Marekani, katika jimbo la Missouri, uitwao Gideon, wenye wakazi kama 1,100. Maji yao yalitoka kisimani, yakawekwa katika matangi makubwa ya mji. Mlango wa juu wa tangi moja ulikuwa umeliwa na kutu, na njiwa wakawa wanaingia kulala humo. Kinyesi chao kiliingiza vijidudu vya salmonela katika maji. Zaidi ya watu 600 waliharisha, na wazee 7 waliokuwa katika makao ya kutunza wakongwe, ambao walikuwa miongoni mwa walioharisha, walifariki. Nchi tajiri, wahandisi tele, na ulioponza ni mlango wenye kutu.

Na kuna la tatu ambalo sipendi kuliandika lakini sina budi. Tangi la chini ya ardhi lenye kifuniko kilicholegea ni shimo la kumeza mtoto. Mtoto anayecheza kibe au anayefukuza mpira haangalii anakanyaga nini. Kama kwenu kuna tangi la namna hiyo, hata kama utaacha kusoma makala haya hapa, toka nje ukakanyage kando ya kifuniko uone kama kinacheza. Kikicheza, weka kitu kizito leo na utafute fundi kesho. Kifuniko cha tangi la ardhini kinafaa kiwe na kufuli, na funguo zikae kwa mtu mzima mmoja anayejulikana.

Osha kabla ya kufungua

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Haihitaji fundi wala pesa nyingi. Unahitaji brashi laini, sabuni ya maji, matambara safi mawili, mswaki wa zamani, ndoo ya maji na mtu wa kukushikia ngazi. Huyo wa ngazi si pambo. Usipande peke yako, usipande mvua ikinyesha, na usiwatume watoto.

Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya, hata mafundi, ni kufungua kifuniko kwanza ndipo kikaoshwe. Hebu fikiri. Juu ya kifuniko pana vumbi la miezi, majani, na kinyesi cha ndege. Ukikivuta tu, nusu ya uchafu huo unamiminika ndani ya maji, na wewe ndiye uliyeutia. Osha kifuniko kikiwa kimefungwa. Mwagia maji kwanza ili kinyesi kilowe kisirushe vumbi la kuingia puani. Funga leso puani kama kimerundikana. Kisha sugua kwa sabuni ukielekeza uchafu nje, upande wa ukingo ulio mbali na mdomo wa tangi, na usisahau mabega ya tangi yanayozunguka kifuniko. Suuza, kausha kwa tambara, halafu ndipo ufungue.

Kikitoka, kigeuze. Hapo utashangaa. Upande wa chini ndiko jasho la maji hukusanyika na kudondoka, na mara nyingi utakuta utando wa kuteleza, wavu wa buibui, pengine na mayai ya mende. Sugua kwa sabuni na brashi laini. Usitumie waya wa kusugulia sufuria, kwa sababu mikwaruzo yake inakuwa makao ya uchafu mwingine mwezi ujao. Wala usitumie petroli, mafuta ya taa au dawa ya kuyeyushia rangi, hata kama doa limekataa kutoka. Plastiki hunywa harufu hizo na utazionja katika uji. Kifuniko cha kusokota kina mitaro ambayo tambara haifiki. Hapo ndipo mswaki wa zamani unapopata kazi. Sokota na sehemu ya shingo ya tangi pia, lakini kwa tambara lililokamuliwa, ili maji machafu yasitiririke ndani.

Kikiwa mkononi, kikague. Kiinue kati yako na jua: kila nukta ya mwanga unayoiona ni tundu. Kipapase kwa kiganja kikavu. Kiganja kikirudi na unga unga, jua limeanza kuila plastiki, na kifuniko hicho kitapasuka katika upepo mkali wowote. Kitazame hasa pembeni na palipo na vishikizo, maana hapo ndipo nyufa huanzia. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kwa vifuniko nina maoni tofauti kidogo na wahenga. Nimeona watu wakiziba kwa kisu cha moto, kwa mpira wa tyubu, hata kwa bazoka. Kiraka ni cha wiki moja ukisubiri mshahara. Kifuniko kilichopasuka kinunuliwe kingine.

Vifuniko huuzwa pekee yake katika maduka mengi ya matangi. Kabla ya kwenda, pima upana wa mdomo wa tangi kutoka ukingo hadi ukingo ukipitia katikati, na uangalie kama ni wa kusokota au wa kubana, na jina la aliyelitengeneza tangi. Mtu aliyekwenda na makisio hurudi na kifuniko kinachokaa juu kama kofia ya kuazima.

Ukishakirudisha, kijaribu kwa karatasi. Chana ukanda wa gazeti hili hili (ukiwa umemaliza kulisoma, tafadhali), uweke kati ya kifuniko na shingo, ufunge, kisha uuvute. Ukibanwa, vyema. Ukiteleza na kutoka bila upinzani, basi hapo pana nafasi. Rudia pande nne. Nafasi ndogo huweza kuzibwa kwa utepe wa mpira laini wa milango, uliobandikwa kwenye kifuniko wala si kwenye shingo, na ubadilishwe unapokauka.

Halafu kifungie. Pepo za jiji huvuma zaidi juu ya orofa kuliko tunavyohisi chini. Kamba ya nailoni iliyopitishwa vishikizoni ikafungwa kwenye mnara inatosha. Mpira wa tyubu unaopendwa na wengi hukauka juani na kukatika kimyakimya, na hutajua mpaka ukutane na njiwa wako.

Tahadhari moja: usilizibe tangi mpaka likose pumzi. Maji yanapotoka kwa wingi, lazima hewa iingie kujaza nafasi, la sivyo kuta za plastiki huvutwa ndani na kubonyea. Matangi mengi yana tundu la hewa, na bomba la kumwagia maji yakifurika. Matundu hayo yaache wazi lakini yavishe wavu mwembamba kama ule wa dirisha la kuzuia mbu, uliofungwa kwa waya usioshika kutu. Watu hununua kifuniko kipya cha kubana vizuri wakasahau bomba la kufurika lililo wazi kando yake, kipenyo cha kumpitisha mjusi na ndugu zake.

Kwa wenye vifuniko vya chuma, adui ni kutu. Sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, paka rangi ya kuzuia kutu, ikikauka paka ya juu. Kazi hiyo ifanyiwe mbali na tangi, si juu ya mdomo wake. Kifuniko cha saruji kinahitaji kitu kingine: shingo iliyoinuka juu ya ardhi, ili maji ya mvua yanayotiririka uani yasiingie. Kifuniko kilicho sawa na sakafu huyapokea yote yaliyooshwa uani, pamoja na yaliyofurika kutoka chooni.

Ukikuta yaliyonikuta

Kama ndani kuna mnyama aliyekufa au viluwiluwi, kuosha kifuniko hakutoshi. Acheni kuyanywa maji yale mara moja na mwarifu kila mlango. Maji yote yamwagwe, kuta zisuguliwe kwa sabuni na brashi ya mpini mrefu, tope la chini litolewe, tangi lisuuzwe. Halafu litiwe klorini. Kwa dawa ya kawaida ya kung'arishia nguo nyeupe, isiyo na manukato, ambayo chupa yake imeandikwa asilimia 3.5, kiasi ni kama lita moja na robo kwa kila lita 1,000 za ukubwa wa tangi. Jaza tangi robo, tia dawa, kisha ujaze hadi juu. Fungua mifereji mpaka usikie harufu ya klorini, uifunge, na uyaache maji hayo saa 24. Hayanywi wala hayapikiwi. Baadaye yamwagwe yote, tangi lisuuzwe, ndipo lijazwe maji ya kutumia. Dawa hiyo isichanganywe kamwe na dawa ya kusafishia choo, kwani mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu.

Na mtu asiingie ndani ya tangi la chini ya ardhi kwa pupa, hata akiwa fundi wa miaka mingi. Hewa ya mle yaweza kuwa haitoshi, na mtu huzimia kabla hajahisi lolote. Anayemfuata kumwokoa huzimia pia. Kazi hiyo ni ya watu wenye vifaa vyake.

Wanafunzi wanaoishi hosteli wasidhani nimewasahau. Nyinyi hamna ufunguo wa paa, lakini mna mitungi na mapipa chini ya vitanda, na mbu niliyemtaja hapo juu hachagui. Mtungi uliopoteza kizibo ukazibwa kwa karatasi ya nailoni ni tangi lisilo na kifuniko. Osheni kizibo kila mnapojaza, sugueni shingo ndani, na pipa la bafu la pamoja liwe na mwenyewe kwa zamu.

Swali ninaloulizwa kila mara ni nani agharimie. Kwenye ploti za kupanga, tangi ni la mwenye nyumba na kifuniko ni chake. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ina sehemu nzima kuhusu mbu, na maji yanayowazalisha yamehesabiwa humo kuwa kero ambayo mwenye mahali anaweza kuwajibishwa kwayo. Ofisa wa afya wa wadi ana uwezo wa kuja kukagua. Lakini sikushauri uanze huko. Kwetu tulimpigia mwenye ploti simu mara tatu bila kupata lolote. Mara ya nne mama mmoja wa orofa ya kwanza, mwenye akili kuliko sisi sote, alipanda na simu yake akampiga picha njiwa, akamtumia mwenye ploti bila kuandika neno hata moja. Kifuniko kililetwa alasiri hiyo hiyo kwa bodaboda.

Mzee wa ploti naye alikuwa na aibu yake. Hakuna aliyemlaumu, lakini nilimwona akipanda na ndoo Jumamosi iliyofuata, na Jumamosi ya kwanza ya mwezi uliofuata. Siku moja alinijia mlangoni akiwa na kopo la rangi nyeupe.

"Mama, wewe una mwandiko mzuri," akasema. "Nataka tuandike tarehe."

Tukapanda. Nikaandika siku, mwezi na mwaka kwenye bega la tangi la kwanza, yeye akanishikia ngazi. Tulipofika la tatu akaninyang'anya brashi, akaandika mwenyewe.